Msimulizi wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Sauti iliyotoka kwenye spika ya ukumbi ilikuwa ya mama mkwe wake.

Mwalimu Nasma aliitambua kabla sentensi ya kwanza haijaisha. Walimu wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wameitwa Kilwa Masoko kwa semina ya siku mbili, na yeye alikaa safu ya tatu, kalamu mkononi. Mwezeshaji alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, jina lake Abdulrahmani. Alibonyeza kompyuta yake akasema, "Sasa tusikilize mfano wa kipindi cha sauti." Ndipo Bi Moza akaanza kusimulia, kwa Kimatumbi kilichochanganyika na Kiswahili kidogo, habari za dada yake Shamimu aliyechukuliwa na maji ya mto Matandu. Nyuma ya sauti yake jogoo aliwika. Nasma alimjua hata huyo jogoo. Alikuwa wake, walimchinja siku ya Idi.

Sauti ya Nasma mwenyewe haikuwemo. Siku ile ya kurekodi, uani kwao karibu na Njinjo, yeye ndiye aliyekuwa akiuliza, "Kisha ikawaje, mama?" Humo spikani, kila palipokuwa na swali lake palikuwa na ukimya mfupi, kama mtu amekata kwa mkasi.

Alifungua kitabu walichogawiwa asubuhi. Jalada lilikuwa linang'aa: *Mwongozo wa Kufundisha Kusoma kwa Sauti za Nyumbani.* Chini yake liliandikwa jina la Dakta Josephat, msimamizi wake wa masomo. Miaka minne Nasma alikuwa akisomea shahada ya umahiri ya mitaala, ufundishaji na vyombo vya kufundishia, akienda chuoni wakati wa likizo na kuandika tasnifu yake jioni baada ya kusahihisha madaftari ya watoto tisini na wanne. Tasnifu ilihusu jambo moja: mtoto aliyelelewa kwa Kimatumbi anavyoweza kuvushwa kwenda kwenye kusoma Kiswahili kwa hadithi zilizorekodiwa na watu wa nyumbani kwao, zikachezwa darasani kwenye redio ndogo ya memori kadi. "Sauti za nyumbani" lilikuwa jina alilolibuni yeye, siku moja anaosha vyombo.

Akanyoosha mkono, akasimama.

"Samahani, mwezeshaji. Huyo anayesimulia ni nani?"

"Ni msimulizi wa kijijini, mwalimu. Ni sampuli tu."

"Anaitwa nani?"

Abdulrahmani alitabasamu. "Jina si sehemu ya mada yetu. Tuzingatie ufundi wa kipindi. Maswali mengine tuyaweke mwisho."

"Anaitwa Moza binti Saidi Ngwele. Ni mama mkwe wangu. Aliyerekodi ni mimi, na hivi vipindi kumi na viwili nimevitunga mimi."

Watu waligeuka kumtazama. Kisha mwalimu mmoja wa kiume huko nyuma akasema, "Haya, na mimi yule jogoo ni wangu!" Watu wakaangua kicheko. Walicheka wale aliosoma nao chuo cha ualimu, wakacheka hata wale ambao hawakusikia vizuri. Nasma akaketi.

Wakati wa chai, Abdulrahmani alimfuata na kikombe mkononi. Hakuwa mtu mbaya. "Dada, mimi nimepewa tu nije nifundishe. Hayo mengine sijui."

"Ungeniita mwalimu."

"Samahani, mwalimu."

Jioni ya siku ya pili walipanga foleni kusaini karatasi. Juu yake paliandikwa kwamba waliotia saini wamefundishwa na wameelewa namna ya kutumia sauti za nyumbani darasani. Nasma alisoma mara mbili. Nyuma yake watu walikuwa wanawahi gari la Nangurukuru. "Saini basi, mwalimu, tunachelewa," mtu akasema. Akasaini. Jambo hilo lilimuuma baadaye kuliko hata kicheko.

*

Nyumbani alimkuta Bi Moza amekaa kwenye mkeka anapepeta ufuta, na Huseni, mume wa Nasma, anashona magunia. Hakusubiri kuvua hijabu. Alieleza yote, kisha Bi Moza akasema, "Nisomee."

Nasma akafungua ukurasa wa kumi na nne. Alisoma taratibu, namna Shamimu alivyoshuka mtoni na kikapu kichwani, namna maji yalivyokuja kwa ghafla kutoka juu, namna watu walivyomtafuta hadi mwisho wa mashamba. Bi Moza alikuwa anatikisa kichwa, ni yenyewe, ni yenyewe. Nasma akafika mstari wa mwisho: "Mama yake alilia siku tatu."

Ungo ukasimama.

"Nani alilia?"

"Kimeandikwa hivyo, mama."

"Mama yangu hakulia. Alikaa siku tatu hajatoa chozi wala neno, mpaka watu wakaogopa. Si nilikwambia?"

Alimwambia kweli. Nasma alizaliwa Kilwa Kivinje, na Kimatumbi alikipata ukubwani, kwa ndoa. Katika rasimu ya kwanza alisikia vibaya akaandika "alilia." Rasimu hiyo, pamoja na sauti zenyewe, ndiyo aliyomtumia Dakta Josephat mwezi wa nne mwaka uliotangulia. Bi Moza alipomsahihisha, alirekebisha kwenye tasnifu, lakini rasimu ilikuwa imekwisha kwenda. Sasa kosa lake mwenyewe lilikuwa limechapwa kwa rangi na kugawiwa wilaya nzima.

"Huyo mtu amekuja hapa lini?" Bi Moza aliuliza. "Alikaa wapi? Nilimpikia nini?"

"Hajawahi kuja, mama."

Huseni aliweka sindano ya magunia chini. "Mama Yassini, sikiliza. Huyo bwana si ndiye anayeshika cheti chako?"

"Ndiye."

"Basi usigombane naye. Chukua kwanza cheti. Ukishakipata, mtukane unavyotaka."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Nimesema uchukue kwanza. Miaka minne ufuta wa shamba hili umekwenda kwenye ada, sikusema neno. Leo nasema moja tu."

Bi Moza hakumwangalia mwanawe. Alirudia kupepeta, akisema peke yake, "Mama yangu alilia! Alilia!"

*

Kesho yake, saa ya mapumziko, Nasma alimpigia Dakta Josephat. Alisimama nyuma ya darasa, ambako mtandao ulikuwa unapatikana.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, Nasma mdogo wangu! Habari za Kilwa? Nimesikia semina imefana sana."

"Dakta, ule mwongozo una vipindi vyangu."

"Una matunda ya utafiti wetu," Dakta alisema bila kusita. "Mwanafunzi na msimamizi ni timu. Wafadhili walikuwa na haraka, nikasema kazi hii isikae kabatini. Unatakiwa ufurahi, inawafikia watoto."

"Jina langu halimo."

"Limo kwenye shukrani."

"Shukrani zinasema 'walimu wote wa mikoa ya kusini.'"

"Na wewe si mwalimu wa kusini?" Akacheka, kicheko cha mtu mzima anayembembeleza mtoto. "Nasma, usijichoshe na mambo madogo. Wasilisha tasnifu, umalize. Mimi nakutakia mema."

Aliwasilisha. Afanye nini? Tarehe ya mwisho ilikuwa imefika, na Huseni alikuwa kila siku anamtazama bila kusema. Wiki tatu baadaye simu ikaita akiwa mbele ya watoto, na sauti ya kike ikajitambulisha kuwa ni Veronika wa ofisi ya masomo ya uzamili.

"Tasnifu yako imekataliwa na mfumo."

"Mfumo gani?"

"Wa kukagua wizi wa kitaaluma. Inafanana asilimia sitini na tatu na kitabu kilichokwisha kuchapwa. Cha msimamizi wako mwenyewe, dada. Hata aibu hukuona?"

Watoto walikuwa wanamsubiri na chaki yake. Nasma aliegemea ubao.

"Kitabu ndicho kilichoiba kwangu."

"Kitabu kimetoka mwezi wa pili. Wewe umewasilisha mwezi wa tisa. Mashine haina upendeleo. Barua itakuja."

Barua ilikuja, na nakala yake ilikwenda kwa mwajiri. Mwalimu mkuu, Ignatius, aliisoma kabla yake. Alimwita ofisini, akazungushazungusha kalamu, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo asishughulike na kamati ya mitihani. "Mpaka jina lisafishwe, mwalimu. Unajua mitihani na mambo ya wizi havikai pamoja." Alisema kwa upole, na mlango ulikuwa wazi. Walimu wenzake waliokuwa nje walijifanya wanaangalia ratiba ukutani.

*

Kikao cha kamati ya maadili ya taaluma kilipangwa Dar es Salaam. Bi Moza alisema anakwenda. Huseni akamwambia mama yake kwamba chuo kikuu si mahali pa wazee, hawatamruhusu kuingia. "Basi nitakaa mlangoni," Bi Moza alijibu, "lakini nitakuwa nimekwenda." Akajifunga kanga zake mpya, doti moja.

Alikaa mlangoni kweli. Veronika, dada mnene mwenye kitambulisho shingoni, aliangalia orodha yake akasema wasio wanachuo hawaingii. Alimwonyesha kibenchi kando ya ngazi. Hakumwamkia. Mlinzi ndiye aliyesema, "Shikamoo, bibi," akampisha kivulini.

Ndani walikuwa watu watano mezani, mwenyekiti wao Profesa Agnes, mama wa makamo mwenye miwani iliyoshikwa na mkufu. Dakta Josephat alikaa upande wao wa meza. Nasma alikaa peke yake upande wa pili. Hilo tu lilimwonyesha jinsi mambo yalivyokwisha pangwa.

Alieleza. Alionyesha barua pepe aliyotuma rasimu, tarehe yake, miezi kumi kabla ya kitabu. Dakta Josephat akasema kwa utulivu kwamba ndiyo, aliletewa rasimu, lakini wazo la sauti za nyumbani lilikuwa lake, alimpa mwanafunzi kwa mdomo, na mwanafunzi alikuwa mkusanyaji wa data tu. Mjumbe mmoja akakubali kwa kichwa, akaandika.

"Kwa mdomo, lini?" Nasma aliuliza.

"Katika mazungumzo ya kawaida ya usimamizi."

"Dakta, hata simu zangu ulikuwa hupokei."

"Bi Nasma," Profesa Agnes alimkatiza, "tuheshimiane."

Neno hilo ndilo lililomwinua. "Naomba heshima hiyo imfike na aliyeko nje, Profesa. Amesafiri tangu alfajiri. Ni yeye anayesema kwenye ukurasa wa kumi na nne. Amewekwa kwenye ngazi."

"Bibi yako si mwanazuoni."

"Si mwanazuoni, lakini kitabu cha mwanazuoni kimejaa maneno yake."

Walitazamana. Profesa Agnes alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Aingie. Dakika tano."

Bi Moza aliingia akiwa amevua kandambili zake mlangoni, ingawa hakuna aliyemwambia. Aliwaamkia wote kwa salamu ya dini, wakaitikia. Kisha akauliza, "Dakta ni yupi?"

Dakta Josephat aliinua mkono kidogo.

"Umeandika kwamba mama yangu alilia siku tatu. Umeyasikia wapi?"

"Bibi, ni hadithi. Ni simulizi tuliyoikusanya uwandani."

"Kwenye ile sauti unayoicheza, nasema nini?"

Dakta alitazama kitabu. "Unasema… mama alilia."

"Kwa Kimatumbi nasema nini?"

Dakta alimgeukia mwenyekiti. Mmoja wa wajumbe, mtu mkimya aliyekuwa hajasema lolote tangu kikao kianze, akainua kichwa. "Mimi ni Mmatumbi wa Kipatimu," akasema. "Naomba hiyo sauti."

Wakaicheza kwenye kompyuta. Bi Moza akasimulia humo ndani, jogoo akawika, na yeye mwenyewe amesimama pale anajisikiliza, mikono ameikunja juu ya kanga. Mjumbe wa Kipatimu alisikiliza mpaka mwisho. "Anasema hakulia," akasema. "Iko wazi kabisa. Mwenye kukijua Kimatumbi hawezi kukosea hapo."

"Mimi nilikosea," Nasma alisema. "Kwenye rasimu. Kosa hilo ni langu, na liko kitabuni mwake."

Dakta Josephat alikuwa anapanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Na huyo Shamimu," Bi Moza aliendelea, sasa sauti imeshuka, "umeuliza watoto mwisho wa ukurasa: 'Shamimu alikosea nini?' Dada yangu hakukosea kitu. Alikwenda kuteka maji."

Profesa Agnes akasema dakika tano zimekwisha. Alisema akiwa anatazama meza.

*

Majibu yalikuja baada ya mwezi. Kamati ilikuwa imeona "mapungufu ya mawasiliano baina ya msimamizi na mwanafunzi." Dakta Josephat alishauriwa kwa mdomo awe mwangalifu zaidi. Mwanafunzi alisamehewa. Nasma alilisoma neno hilo, *alisamehewa*, akaona herufi zinacheza. Tasnifu ingepokelewa kwa sharti moja: kila palipofanana na kitabu, amtaje Dakta Josephat kuwa ndiye chanzo. Muda ulikuwa mpaka mwisho wa mwezi.

Profesa Agnes alimpigia mwenyewe. "Nasma, nimekupigania sana. Ni mabano mawili tu, jina na mwaka. Weka, uhitimu, uende mbele."

"Niandike kwamba hadithi ya mama mkwe wangu nimeitoa kwake?"

"Ndivyo dunia ya taaluma ilivyo. Hata sisi tulipitia."

"Mlipitia, mkanyamaza, ndiyo maana na mimi napitia." Hakukusudia kulisema kwa ukali, lakini lilitoka hivyo. Profesa akakata simu.

Kila mtu alimshauri aweke mabano. Mwalimu mkuu alimkumbusha kupandishwa daraja. Huseni hakushauri kitu. Alitoka akaenda shambani, akarudi, akatoka tena. Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, Nasma na Bi Moza walikwenda Kilwa Masoko, kwenye kibanda cha kuchapisha barua karibu na soko. Walimkuta binti wa mashine anatafuna karanga.

"Niandike nini, shangazi?"

Nasma akamsomea. Barua ilikwenda kwa baraza la chuo, kwa wafadhili ambao nembo yao ilikuwa nyuma ya mwongozo, na kwa kila shule iliyopewa kitabu kile. Ilisema nani alisimulia, nani alirekodi, nani alitunga vipindi, tarehe gani, na ni nani hakuwepo. Ilisema pia kwamba mwandishi wa barua hataweka mabano. Mwishoni palikuwa na nafasi ya shahidi.

"Jina la bibi nimeandika. Cheo chake?" binti aliuliza.

"Hana cheo," Nasma alisema.

"Ninacho," alisema Bi Moza. "Niliyesimulia."

Binti akaacha karanga, akaandika.

Mwezi ukaisha. Jina la Nasma likafutwa kwenye orodha ya wahitimu, na Veronika alimwarifu kwa ujumbe mfupi wa simu usio na salamu. Mwalimu mkuu hakumrudisha kwenye kamati ya mitihani. Walimu wawili wa Kivinje, ambao ukumbini walicheka, walimpigia kuomba radhi. Mmoja akasema amebandika barua yake ukutani ofisini na hakuna aliyeibandua. Dakta Josephat, ilisikika, alikuwa anangoja kupandishwa kuwa profesa.

Kisha likafika toleo la pili la mwongozo. Huseni ndiye aliyelileta kutoka shule anayosoma mtoto wao Yassini, alikwenda kumchukua akapewa. Nasma akalipekua amesimama. Kwenye ukurasa wa kumi na nne sasa iliandikwa "hakulia." Wamechukua sahihisho lake nalo, akawaza, bila hata kupiga hodi. Lile swali kuhusu kosa la Shamimu lilikuwa limeondolewa. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za kwenye karatasi ya dawa, palikuwa na mstari mmoja: *Msimulizi: Bi. Moza S. Ngwele, Kilwa.*

Alimsomea. Bi Moza akataka kuonyeshwa mahali penyewe, akaweka kidole juu yake, akakaa hivyo kitambo.

"Na lako liko wapi?" akauliza.

"Halipo, mama."

"Angalia tena. Huku mbele."

Nasma aliangalia jalada, shukrani, na ukurasa wa nyuma wenye nembo. "Halipo."

Bi Moza akafunga kitabu, akakirudisha mkononi mwake. "Basi bado hatujamaliza. Yule binti wa mashine anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

Huseni, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, alichukua kofia yake, akatoka kwenda barabarani kutafuta bodaboda itakayowapeleka asubuhi.